Ndege Nzito ya Mabomu B-29: Historia, Uwezo na Athari Zake

Utangulizi

Ndugu mtahiniwa, ukisoma mada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939–1945) utakutana na Hiroshima na Nagasaki katika karibu kila kitabu. Wanafunzi wengi huandika kwamba "Marekani ilidondosha bomu la atomiki" kisha wakahamia hoja nyingine. Ni wachache wanaojiuliza bomu lile lilifikaje pale, kutoka wapi, na kwa nini halikuweza kufika miaka miwili kabla. Jibu la maswali hayo ni ndege moja: B-29, iliyotengenezwa na kampuni ya Boeing ya Marekani na kupewa jina la Superfortress.

Katika sehemu hii utajifunza jinsi ndege hiyo ilivyopatikana, uwezo wake, namna ilivyotumika na matokeo yake. Tangu mwanzo shika jambo moja: uwezo wa silaha ni kitu kimoja, na matokeo ya kuitumia silaha hiyo ni kitu kingine. Anayechanganya mambo haya mawili huorodhesha takwimu bila hoja. Anayeyatenganisha huandika insha yenye uchambuzi.

Maana ya ndege nzito ya mabomu

Ndege nzito ya mabomu ni ndege ya kivita iliyoundwa kubeba mzigo mkubwa wa mabomu kwa umbali mrefu, ili kushambulia viwanda, bandari, reli na miji iliyo mbali na uwanja wa mapambano. Inatofautiana na ndege ya kupigana angani, ambayo ni ndogo, ina kasi zaidi, na kazi yake ni kuangusha ndege za adui au kulinda ndege nyingine.

Katika vita hivyo Uingereza ilitumia ndege nzito kama Lancaster, na Marekani ilitumia B-17 na B-24 kushambulia Ujerumani. Ndege hizo ziliweza kutoka Uingereza, kupiga Ujerumani na kurudi. Bahari ya Pasifiki ilikuwa habari nyingine. Kule umbali kati ya kisiwa na kisiwa ni maelfu ya kilomita.

Sababu za kutengenezwa kwa B-29

1. *Umbali.* Mapema mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani, jeshi lake liliziomba kampuni za ndege zibuni ndege ya masafa marefu kuliko zote zilizokuwapo. Boeing ilikuwa tayari na michoro ya awali, hivyo ikapewa kazi.

2. *Mashambulizi ya Pearl Harbor.* Tarehe 7 Desemba 1941 Japani ilishambulia kambi ya wanamaji wa Marekani huko Hawaii. Baada ya hapo Marekani ilihitaji njia ya kuifikia Japani yenyewe, na B-17 haikuwa na masafa ya kutosha.

3. *Imani ya kijeshi ya wakati huo.* Makamanda wengi wa anga waliamini kwamba nchi inaweza kushindwa kwa kuharibiwa viwanda vyake kutoka angani, bila askari wa miguu kuivamia. Imani hii utaipima mwenyewe mwishoni mwa sehemu hii.

Ndege ya kwanza ya majaribio iliruka Seattle tarehe 21 Septemba 1942. Gharama ya mradi mzima ilifika dola za Marekani bilioni 3 hivi, zaidi ya dola bilioni 2 zilizotumika kutengeneza bomu la atomiki. Mtahiniwa anayedhani kwamba bomu ndilo lililokuwa mradi ghali kuliko yote amekosea.

Muundo na uwezo wake

Zisome takwimu hizi kwa kuelewa, usizikariri kama wimbo:

- Urefu wa ndege: mita 30 hivi
- Upana kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine: mita 43 hivi
- Injini: 4, kila moja yenye nguvu za farasi 2,200
- Kasi ya juu kabisa: kilomita 570 hivi kwa saa
- Kimo cha kuruka: zaidi ya mita 9,000
- Mzigo wa mabomu: hadi kilo 9,000 hivi kwa safari fupi
- Uzito wa kuondokea ikiwa imejaa: tani 60 hivi
- Wafanyakazi: kwa kawaida watu 11

Zingatia uhusiano kati ya mzigo na umbali. Ndege hubeba mafuta na mabomu kwa pamoja. Ukiongeza mafuta ili iende mbali, ni lazima upunguze mabomu. Kwa hiyo ukiandika kwamba B-29 ilibeba tani 9 za mabomu hadi Tokyo utakuwa umekosea. Katika safari ndefu ilibeba pungufu sana ya kiwango hicho.

Mambo matatu yaliitofautisha na ndege zilizoitangulia.

*Kwanza, vyumba vyenye mgandamizo wa hewa.* Katika kimo cha mita 9,000 hewa ni nyepesi mno na baridi ni kali. Askari wa B-17 walivaa barakoa za oksijeni na mavazi mazito, na wengine waliganda vidole. Katika B-29, chumba cha mbele na cha nyuma vilijazwa hewa kama zilivyo ndege za abiria leo. Katikati palikuwa na matundu makubwa ya mabomu ambayo hayakujazwa hewa, hivyo vyumba hivyo viwili viliunganishwa kwa njia nyembamba ya mviringo iliyopita juu ya mabomu. Mtu aliipita kwa kutambaa.

*Pili, bunduki zilizoongozwa kwa mbali.* Mpiga bunduki hakukaa ndani ya mnara wa bunduki. Alikaa kwenye dirisha lake, akailenga ndege ya adui kwa darubini, na kompyuta ya wakati ule ikakokotoa kasi, umbali na upepo, kisha ikageuza bunduki za rashasha zilizokuwa sehemu nyingine ya ndege.

*Tatu, rada.* Ndege iliweza kutambua pwani na miji usiku au kukiwa na mawingu. Uwezo huu ulikuja kuwa na matokeo makubwa, kama utakavyoona.

Matatizo yake

Ndege hii iliharakishwa, na haraka ilikuwa na gharama. Injini zake zilipata joto kupita kiasi na kushika moto. Baadhi ya sehemu za injini ziliundwa kwa magnesiamu, madini ambayo yakiwaka ni vigumu kuyazima. Tarehe 18 Februari 1943 ndege ya pili ya majaribio ilishika moto ikiwa angani juu ya Seattle, ikaangukia kiwanda cha nyama. Rubani mkuu wa majaribio, Eddie Allen, na wote waliokuwa naye ndani walikufa, pamoja na wafanyakazi waliokuwa kiwandani.

Hata hivyo uzalishaji haukusimamishwa. Ndege zilitoka viwandani zikiwa bado na kasoro, na mapema mwaka 1944 mafundi huko Kansas walifanya kazi usiku na mchana katika baridi kali kuzirekebisha. Hadi mwisho wa uzalishaji ziliundwa B-29 zipatazo 3,970. Idadi kubwa ya zile zilizopotea vitani ziliangushwa na ajali na hitilafu za mitambo, si risasi za adui peke yake.

Hatua za matumizi vitani

*Hatua ya kwanza: India na China (1944).* Safari ya kwanza ya kivita ilifanyika tarehe 5 Juni 1944 kutoka India kwenda Bangkok. Tarehe 15 Juni 1944 B-29 zilizotumia viwanja vya Chengdu, China, zilishambulia kiwanda cha chuma cha Yawata nchini Japani. Ndege 47 zilidondosha mabomu, lakini kiwanda kilipata madhara madogo.

Tatizo kubwa lilikuwa mafuta. Njia za nchi kavu na bahari kuingia China zilikuwa zimefungwa na Japani. Kila pipa la petroli na kila bomu vilipitishwa angani juu ya milima ya Himalaya. B-29 moja ilibidi ifanye safari kadhaa za kubeba mafuta kabla haijaweza kufanya safari moja ya vita. Uwezo ulikuwapo, ila hapakuwa na mahali pazuri pa kuutumia.

*Hatua ya pili: visiwa vya Mariana.* Kati ya Juni na Agosti 1944 Marekani iliteka visiwa vya Saipan, Guam na Tinian, vilivyo kilomita 2,400 hivi kutoka Tokyo. Sasa mafuta na mabomu yangeweza kuletwa kwa meli. Tarehe 24 Novemba 1944, B-29 zaidi ya 100 ziliondoka Saipan kwenda kupiga kiwanda cha injini za ndege karibu na Tokyo. Ni 24 tu zilizodondosha mabomu juu ya kiwanda chenyewe. Sababu ilikuwa mawingu na upepo wa kasi kubwa unaovuma juu ya Japani katika kimo kile, ambao ulitawanya mabomu mbali na shabaha.

Kilichoisumbua B-29 hapo ni kile kile kilichokuwa fahari yake, yaani kuruka juu sana.

*Hatua ya tatu: mabomu ya moto.* Januari 1945 Jenerali Curtis LeMay alichukua uongozi, na baada ya majuma machache ya matokeo hafifu akabadili mbinu kabisa. Badala ya kuruka mchana katika kimo cha mita 9,000, ndege ziliruka usiku, kwa kimo cha kati ya mita 1,500 na 2,700 hivi. Ziliondolewa bunduki nyingi ili zibebe mabomu zaidi. Badala ya kulenga kiwanda kimoja, zililenga mtaa mzima kwa mabomu ya moto, kwa kuwa nyumba nyingi za Japani zilijengwa kwa mbao na karatasi.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, B-29 zipatazo 300 zilishambulia mashariki mwa Tokyo. Kilomita za mraba 41 hivi za mji ziliteketea. Inakadiriwa kwamba watu 100,000 walikufa usiku huo mmoja, na watu milioni moja hivi wakabaki bila makazi. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee, kwa sababu vijana wa kiume walikuwa jeshini. Baada ya Tokyo ilifuata miji mingine zaidi ya 60.

Kwa hiyo usiandike kwamba mateso ya raia wa Japani yalianza Hiroshima. Yalianza kabla, kwa ndege hiyo hiyo, na moto wa kawaida.

Jambo jingine lililosaidia hatua hii ni kutekwa kwa kisiwa cha Iwo Jima, Februari hadi Machi 1945. Kiko karibu nusu ya njia kati ya Mariana na Tokyo, na B-29 zilizopata hitilafu zilitua huko. Wamarekani karibu 7,000 walikufa kukiteka, na Wajapani waliokufa walikuwa wengi zaidi.

*Hatua ya nne: mabomu ya kutegwa baharini.* Kuanzia mwisho wa Machi 1945 baadhi ya B-29 zilidondosha mabomu ya kutegwa katika bandari na njia za meli za Japani. Japani ni nchi ya visiwa. Ilitegemea meli kwa chakula, mafuta na madini. Kazi hii haikuwa na kishindo cha Hiroshima, na kwa sababu hiyo watahiniwa huisahau, lakini ilizidisha uhaba mkubwa nchini humo.

*Hatua ya tano: mabomu ya atomiki.* Bomu la atomiki la kwanza lilikuwa na uzito wa kilo 4,400 hivi. B-29 chache zilirekebishwa mahususi: minara ya bunduki iliondolewa isipokuwa bunduki za mkiani, na tundu la mabomu likabadilishwa. Tarehe 6 Agosti 1945, B-29 iliyoitwa Enola Gay, ikiendeshwa na Kanali Paul Tibbets, iliondoka Tinian na kudondosha bomu la urani juu ya Hiroshima saa 2:15 asubuhi. Tarehe 9 Agosti, B-29 iliyoitwa Bockscar, ikiendeshwa na Meja Charles Sweeney, ilikusudia kupiga mji wa Kokura. Wingu na moshi viliufunika mji huo, ndipo ikaenda Nagasaki na kudondosha bomu la plutoniamu. Hadi mwisho wa mwaka 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na 70,000 hivi Nagasaki.

Tarehe 15 Agosti 1945 Mfalme Hirohito alitangaza kusalimu amri. Hati ilitiwa saini tarehe 2 Septemba 1945.

Uhusiano wake na Afrika

Usidhani habari hizi ni za Wamarekani na Wajapani tu. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, Kongo ya Wabelgiji. Ni eneo ambalo Kiswahili kinazungumzwa mpaka leo. Waafrika waliochimba madini yale hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Huu ni mfano bora wa uchumi wa kikoloni: koloni linatoa malighafi, na uamuzi wa kuitumia unafanyika mbali.

Mwaka huo huo wa 1944 ambao B-29 zilianza kuruka kutoka India, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwemo vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda, walikuwa wakipigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Ukiulizwa mchango wa Afrika katika vita hivyo, unazo hoja mbili hapa: askari na madini.

Je, B-29 ndiyo iliyomaliza vita?

Swali la aina hii hupima uchambuzi. Pima pande zote.

*Hoja za kukubali:* B-29 iliharibu miji na viwanda, ilifunga njia za meli, na ndiyo iliyobeba mabomu mawili ya atomiki siku chache kabla ya Japani kusalimu amri.

*Hoja za kupinga:* Ndege isingefika Japani bila askari wa miguu na wanamaji kuteka Mariana na Iwo Jima. Nyambizi za Marekani zilikuwa zimezamisha sehemu kubwa ya meli za biashara za Japani. Aidha, tarehe 8 Agosti 1945 Urusi ya Kisovieti ilitangaza vita dhidi ya Japani, na siku iliyofuata majeshi yake yakaingia Manchuria.

Msimamo wa busara ni kwamba B-29 ilikuwa sababu kubwa, ila ilifanya kazi pamoja na sababu nyingine. Kumbuka pia imani ya makamanda tuliyoitaja. Walidhani ndege itapiga viwanda kwa shabaha na kuimaliza vita haraka. Iliposhindwa kupiga kwa shabaha, walianza kuchoma miji. Uamuzi huo ulifanywa na watu. Mashine haikuufanya. Wanahistoria bado wanabishana kama ulikuwa wa lazima, na wewe una haki ya kuwa na msimamo alimradi una ushahidi.

Baada ya vita

- Mwaka 1944 B-29 tatu zilitua mashariki mwa Urusi ya Kisovieti. Warusi walizizuia, wakaifungua moja kati yake kipande kwa kipande, wakatengeneza nakala iliyoitwa Tu-4. Hivyo silaha hii ikawa sehemu ya mashindano ya Vita Baridi.
- B-29 zilitumika tena katika Vita vya Korea (1950–1953). Zilipokutana na ndege za jeti za MiG-15 zilionekana kuwa za polepole, na wakati wake ukapita.
- Teknolojia ya vyumba vyenye mgandamizo wa hewa ilienea katika ndege za abiria.
- Mikataba ya Geneva ya 1949 iliongeza ulinzi wa raia vitani, na itifaki yake ya nyongeza ya 1977 ilikataza waziwazi kuwashambulia raia kama shabaha.

Namna ya kujibu katika mtihani

Katika kusahihisha kazi za wanafunzi wangu nimeona kosa moja likijirudia: mwanafunzi anataja takwimu sahihi, kisha anaiacha ikining'inia. Linganisha majibu haya mawili:

*Jibu dhaifu:* "B-29 iliruka zaidi ya mita 9,000 na ilikuwa na injini nne."

*Jibu zuri:* "B-29 iliweza kuruka zaidi ya mita 9,000, kimo ambacho ndege nyingi za Japani zilipata taabu kukifikia. Hata hivyo upepo mkali katika kimo hicho ulipunguza shabaha, na hili lilichangia Marekani kubadili mbinu Machi 1945 na kuchoma miji usiku."

Jibu la pili lina ukweli, sababu na matokeo. Kila hoja yako ipite katika ngazi hizo tatu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya ndege nzito ya mabomu na ndege ya kupigana angani.
2. Kwa nini kutekwa kwa visiwa vya Mariana kulibadili matumizi ya B-29? Toa hoja tatu.
3. Fafanua mambo matatu ya kiufundi yaliyoitofautisha B-29 na ndege zilizoitangulia.
4. "Rasilimali za Afrika zilichangia matokeo ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia." Jadili ukitumia mfano wa Shinkolobwe.
5. "Uwezo wa silaha hauamui namna itakavyotumika, watu ndio huamua." Tathmini kauli hii kwa kurejelea mashambulizi ya Tokyo ya Machi 1945 na ya Hiroshima ya Agosti 1945.

Anza na swali la 5. Ukiweza kulijibu kwa kurasa mbili bila kufungua kitabu, hayo mengine hayatakusumbua.